Nani Ameruhusiwa Kupita? Njia za Miguu kutoka Kinder Scout hadi Karura

Ukifungua ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000, ile ambayo watembeaji wa Uingereza huikunja na kuitia kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, utaona vistari vya kijani vilivyokatikakatika vikipita katikati ya mashamba na misitu, na mahali pengine hata kwenye nyua za watu. Vistari hivyo ni njia za miguu za umma. Mwenye shamba hawezi kuifunga njia hiyo apendavyo. Akiilima, anatakiwa airudishe ipitike tena. Na mtu yeyote, awe mzaliwa wa kijiji hicho au mwanafunzi aliyeshuka jana kutoka Mombasa, ana haki ile ile ya kupita. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma za namna hii.

Ni rahisi kuamini kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu enzi za mababu wa Waingereza. Hayakuwa hivyo. Tumeandika makala hii kwa sababu historia ya njia hizi inafundishwa hapa kama hadithi ya Waingereza peke yao, ilhali miaka ile ile ambayo Bunge la London lilikuwa likiwafungulia wafanyakazi wa Manchester milima yao, sheria nyingine zilizotoka katika utawala huo huo zilikuwa zikiwafungia watu wa kwetu nyika zao. Tunataka kuzisoma hadithi hizo mbili pamoja.

Tuanze na mlima. Kinder Scout, wenye kimo cha mita 636, ndio sehemu ya juu kabisa ya Peak District, kati ya miji ya Manchester na Sheffield. Usitegemee kilele kama cha Kilimanjaro. Juu ni tambarare pana ya mboji nyeusi, vichaka vifupi na maji yaliyotuama, na ukungu ukishuka unaweza kuzunguka saa nzima ukajikuta pale pale ulipoanzia. Zamani eneo kama hilo lilitumiwa na wanavijiji kuchungia mifugo na kukata mboji ya kuwasha moto. Kisha katika karne ya 18 na 19 zikapitishwa sheria nyingi za kuzungushia ardhi mipaka, na ardhi ya pamoja ikawa mali ya makabaila wachache. Sehemu kubwa ya Kinder ikawa chini ya Duke wa Devonshire. Kabaila hakuhitaji kulima mboji. Alihitaji ndege wa jamii ya kwale wanaotaga kwenye vichaka vile, ili kuanzia tarehe 12 Agosti kila mwaka yeye na wageni wake wawapige risasi. Kwa ajili ya siku chache za kuwinda, walinzi wenye fimbo waliwekwa kufukuza watu mwaka mzima.

Wakati huo huo viwanda vya pamba na vya chuma vilikuwa vimejaza watu chini ya milima. (Baadhi ya kanga zilizovaliwa Pwani miaka ile zilichapishwa Manchester, kwa hiyo hatukuwa mbali sana na habari hizi kama tunavyofikiri.) Wafanyakazi hawa walikuwa na siku moja tu ya kupumua, Jumapili. Kutoka vichochoro vyenye moshi waliweza kuiona milima kwa macho, na kwa nauli ndogo ya treni kufika chini yake, wakaishia hapo. Hawakukaa kimya. Mwaka 1876 watu wa Hayfield na Manchester walianzisha chama cha kutetea njia za kale za Kinder. Mwaka 1896 maelfu ya watu wa Bolton waliandamana hadi Winter Hill kwa sababu mwenye ardhi alikuwa ameifunga barabara yao. Mwaka 1897, baada ya majadiliano marefu, ikafunguliwa njia moja kutoka Hayfield kupita ubavuni mwa Kinder, ambayo mpaka leo inaitwa Snake Path. Njia moja, tena ya pembeni. Juu palibaki pamefungwa.

Ndipo tunafika Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932. Benny Rothman alikuwa na miaka 20, umri wetu. Alikuwa fundi makanika asiye na kazi, Myahudi wa Manchester, mkomunisti, na katibu wa tawi la chama cha michezo cha wafanyakazi. Siku hiyo watu wapatao 400 walikusanyika kwenye machimbo ya mawe ya zamani karibu na Hayfield, Rothman akapanda juu ya jiwe akahutubia, kisha wakapanda mlima waziwazi, mchana kweupe, wakiimba. Kundi jingine lilitokea upande wa Sheffield kupitia Edale. Walinzi wa Duke walijaribu kuwazuia, kukatokea purukushani, mlinzi mmoja akaumia kifundo cha mguu. Waliporudi kijijini polisi walikuwa wakiwasubiri.

Kesi iliyofuata inastahili kukumbukwa. Kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa halikuwa kosa la jinai kwa sheria ya England. Lilikuwa jambo la madai tu kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo vijana hao walishtakiwa kwa fujo na kuvunja amani. Kesi ilisikilizwa Derby mwezi Julai, mbali na nyumbani kwao, mbele ya jopo lililojaa maofisa wa jeshi na watu wa tabaka la wenye ardhi. Rothman alijitetea mwenyewe. Watano walifungwa kati ya miezi miwili na sita, na yeye akapata minne.

Wanahistoria wanabishana kama maandamano yale yalisaidia. Vyama vikubwa vya watembeaji wa wakati huo viliyapinga, vikihofia kwamba wenye ardhi wangekasirika na kufunga hata vijia vichache walivyokuwa wamevikubali. Tom Stephenson, mwandishi wa habari ambaye tutamtaja tena, hakuamini kabisa kwamba Kinder ndiyo iliyoleta sheria. Sisi tunaona Stephenson alikuwa sahihi kuhusu sheria lakini alikosea kuhusu watu. Sheria iliandikwa na kamati, ndiyo. Lakini nani angeikumbuka kamati? Vifungo vile vilifanya suala la njia kuwa suala la haki, na hata walioyachukia maandamano waliona aibu kwamba vijana wamelala gerezani kwa sababu ya kutembea.

Mwaka huo huo wa 1932, bila kelele, Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Njia. Tunaomba msomaji avumilie kidogo hapa, kwa sababu makala yote inategemea kipengele chake kimoja. Sheria ilisema kwamba umma ukiitumia njia kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, njia hiyo huhesabiwa kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakuwa na nia hiyo. Kwa maneno mengine, miguu ya watu wa kawaida inaweza kutunga haki. Huhitaji hati. Unahitaji mashahidi wanaokumbuka.

Ona pia mtego uliomo. Neno zito ni "bila kuzuiwa". Palipokuwa na walinzi wenye fimbo, kama Kinder, miaka 20 haikuweza kutimia kamwe, hata kama babu yako na baba wa babu yako walipita hapo. Sheria iliwasaidia watu wa mabondeni, ambako mkulima alikuwa amewaachia watu wapite. Kwa milima ilihitajika sheria nyingine.

Stephenson ndiye aliyeipa hoja hiyo sura ambayo mtu angeweza kuiona akilini. Mwaka 1935, katika gazeti la Daily Herald, aliandika kwamba England inahitaji njia moja ndefu ya kijani kupita juu ya uti wa mgongo wa nchi, milima ya Pennine, hadi Scotland. Ilikuwa hila nzuri. Huwezi kuchora njia kama hiyo bila kugusa kila mlima uliofungwa. Jaribio la kwanza la Bunge, mwaka 1939, lilichakachuliwa na wawakilishi wa wenye ardhi mpaka likawa na vipengele vya kuwaadhibu watembeaji, na halikumsaidia mtu. Kisha vikaja vita, na baada ya vita serikali ya Labour, ambayo ilikuwa imewaahidi askari waliorudi nchi tofauti na ile waliyoiacha. Ripoti ya John Dower ilitoka mwaka 1945, ya kamati ya Arthur Hobhouse mwaka 1947, na Desemba 1949 waziri Lewis Silkin akafanikisha Sheria ya Hifadhi za Taifa na Kufika Mashambani.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuchosha, na ndiyo tunayoipenda zaidi. Kila halmashauri ya kaunti ilitakiwa ichore ramani ya njia zote za umma katika eneo lake. Nani angezijua? Wakaulizwa watu wa mabaraza ya vijiji. Wakulima, walimu na wastaafu walizipita njia zao wakiwa na karatasi, wakaandika kwamba hapa pana ngazi ya kuvukia ukuta, hapa pana daraja la ubao, hapa watoto hupita kwenda shule. Baada ya pingamizi kusikilizwa, ramani ikatolewa rasmi, na kilichochorwa kikawa ushahidi usiopingika mahakamani. Kijiji ambacho mwenyekiti wake alikuwa mvivu, au alikuwa mpangaji wa kabaila na akaogopa, kilipoteza njia zake. Mwaka 2020 chama cha watembeaji kilikadiria kwamba maili 49,000 za njia za zamani hazimo kwenye ramani.

Njia ya Pennine ilichukua miaka 30 tangu makala ya Stephenson, kwa sababu palipokosekana njia ya umma ilibidi kujadiliana na wenye ardhi mmoja baada ya mwingine. Ilifunguliwa tarehe 24 Aprili 1965, siku ile ile ya Kinder, ikiwa na urefu wa kilomita zipatazo 430, kutoka Edale hadi Kirk Yetholm. Halafu likatokea tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa ukubwa wake: watu walikuja kweli. Viatu vyao viliichimba mboji mpaka njia ikawa mto mpana wa tope. Dawa ilikuwa mabamba ya mawe, na mengi yaliletwa kwa helikopta kutoka sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa. Kwa hiyo ukienda Kinder leo unakanyaga mawe ambayo wafanyakazi wale wale waliyasimamia saa kumi na zaidi kwa siku.

Sasa tuje upande wetu.

Hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951. Hifadhi ya taifa ya kwanza ya Tanganyika, Serengeti, nayo ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka mmoja na jina moja, lakini vitu viwili tofauti kabisa. Ndani ya Peak District wanaishi watu wapatao 38,000, wenye ng'ombe, kondoo, shule na maduka, na ardhi kubwa ni mali ya watu binafsi. Hifadhi pale ina maana ya kudhibiti ujenzi na kuwafungulia umma njia. Serengeti iliishia kuwa nchi isiyo na wakazi. Mwanzoni Wamaasai walielezwa kwamba wangeweza kuendelea kuishi ndani. Mwaka 1958 wazee 12 waliweka saini ya kuondoka, na mwaka 1959 mpaka ukachorwa upya, wafugaji wakapelekwa upande wa Ngorongoro. Kutoka huko nako, tangu 2022, familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera wilayani Handeni. Serikali inasema wanaondoka kwa hiari, na wengi wa wafugaji wanakataa kwamba ni hiari.

Mtu anaweza kusema ni watu tofauti waliotunga sera hizo. Si kweli kabisa, na Julian Huxley ni ushahidi. Mwanabayolojia huyu aliongoza kamati maalumu ya uhifadhi wa viumbe ambayo ripoti yake ya 1947 ilikwenda bega kwa bega na ile ya Hobhouse. Huxley huyo huyo, baada ya kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1960, akaandika makala kwenye gazeti la Observer kuonya kwamba wanyama wanakwisha, na makala hizo zilichangia kuanzishwa kwa WWF mwaka 1961. Kabla yake, mkataba uliotiwa saini London mwaka 1933, mwaka mmoja baada ya Kinder, ulikuwa umezielekeza serikali za kikoloni zianzishe hifadhi za taifa Afrika. Mawazo yalizunguka katika ofisi zile zile. Kilichotofautiana ni nani aliyehesabiwa kuwa umma. Huku umma ulikuwa ni mtu mwenye viatu vya kupandia mlima. Kule umma ulikuwa ni mgeni mwenye gari, na mwenyeji alihesabiwa kuwa tatizo.

Tusijidanganye, lakini. Kinder hakuna simba. Aliyewahi kusikia hadithi za nyumbani kuhusu nyati au tembo anajua kwamba mtandao wa njia zisizo na mlinzi katikati ya Serengeti ungekuwa mtandao wa misiba. Wafugaji wenyewe waliishi na wanyama hao kwa ujuzi ambao mtalii hana. Tunachosema ni kwamba hatari ya simba haiwezi kueleza kila kitu, kwa sababu milima na misitu mingi isiyo na simba nayo ilifungwa. Wajerumani, kisha Waingereza, walichora mipaka ya misitu ya akiba Usambara, Uluguru na kwingineko, na aliyekuwa anapita humo kwenda sokoni akawa mkosaji.

Hata lugha yetu imebeba alama. Tulipokuwa tukitafuta neno la kuita kitendo cha vijana wa Kinder tulibishana jioni nzima. Wengine walipendekeza "uvamizi". Lakini magazeti ya nyumbani yanawaita wavamizi watu walioko ndani ya hifadhi, hata wale ambao makaburi ya wazazi wao yako humo humo. Ukimwita Rothman mvamizi unamkubalia Duke. Tukaamua kuandika "kupanda mlima waziwazi", maneno matatu badala ya moja.

Njia za miguu katika hifadhi za kwetu zipo, na nyingine ni nzuri ajabu. Kilimanjaro ina njia za Marangu, Machame na nyinginezo, lakini huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni na bila kulipa ada. Udzungwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu, na njia ya kwenda maporomoko ya Sanje ni mfano ambao wengine wangeweza kuufuata. Hata hivyo hizi ni huduma zinazouzwa. Hutapata Mchaga aliyerithi haki ya kisheria ya kupita njia ya Marangu kwa sababu bibi yake aliipita.

Karibu zaidi na Kinder, kwa maoni yetu, ni Karura, msitu wa hekta zipatazo 1,000 ndani ya Nairobi. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu wenye uhusiano na wakubwa kwa ajili ya kujenga. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waliingia kupanda miche, na tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akaumizwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi wakaingia barabarani kuunga mkono. Msitu ukaokoka. Miaka iliyofuata ukazungushiwa uzio, na ndani yake zikatengenezwa njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Mahali ambapo wanawake waliogopa kupita peke yao sasa hujaa familia wikendi. Ndiyo, kuna kiingilio, na mkazi wa mtaa wa mabanda jirani hakihesabu kama anavyokihesabu mkazi wa Muthaiga. Mjadala huo Wakenya wanaendelea nao.

Uingereza nako kazi haijaisha. Sheria ya mwaka 2000 hatimaye iliwapa watu haki ya kutembea popote juu ya Kinder na maeneo mengine ya milima, nyika na ardhi za pamoja, lakini hiyo ni kama asilimia 8 tu ya England. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati huo alikwenda Hayfield kuomba radhi kwa yale ambayo familia yake ilifanya. Rothman alikuwa amekwisha kufariki, miezi michache tu kabla.

Halmashauri bado zinapokea maombi ya kuongeza njia zilizosahauliwa, na mashahidi hujaza fomu. Maswali yake ni ya kawaida: uliitumia njia hii kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani? Mara ngapi kwa mwaka? Kwa miguu au kwa farasi? Ulikuwa unakwenda wapi? Kulikuwa na lango, na lilifungwa kwa kufuli? Je, kuna mtu aliyewahi kukuzuia? Mwishoni unachora mstari kwenye ramani na kutia saini. Mmoja wetu alimsomea bibi yake maswali hayo kwa simu, kuhusu njia iliyokuwa ikitoka kijijini kwao Usambara kupita ndani ya msitu wa akiba hadi mnadani. Bibi alijibu yote bila kusita, akataja mti wa kupumzikia, kijito, na siku za soko. Kwenye swali la kuzuiwa akasema ndiyo, alizuiwa na bwana msitu, akiwa na mtoto mgongoni, mwaka wa kwanza aliopoolewa pale. Kwa sheria ya 1932, hesabu yake ya miaka 20 ingekatika siku hiyo hiyo.